Mpaka Uko Wapi? Kutatua na Kuchora Hesabu za Kutolingana



Likizo inakaribia, na wengi wetu tukifika nyumbani tutakabidhiwa kazi ileile ya kila mwaka: "Wewe si uko chuo kikuu? Hebu mwangalie mdogo wako hesabu." Wenzetu wa ualimu nao watakwenda mafunzo ya vitendo na kusimama mbele ya darasa zima. Kwa hiyo katika ukurasa wetu wa masomo tumechagua mada moja ya hisabati ambayo ni fupi, lakini inawaangusha wanafunzi wengi kuliko inavyostahili.

Mada yenyewe ni hesabu za kutolingana, yaani zile zinazotumia alama <, >, ≤ na ≥ badala ya alama ya =. Mtoto wa hapa Uganda hukutana nazo tangu shule ya msingi, kisha huzikuta tena sekondari. Mwanafunzi anayetatua milinganyo bila shida hujikwaa hapa, na mara nyingi sababu ni kwamba amepewa kanuni bila maelezo. Ameambiwa, "Ukigawanya kwa namba hasi, geuza alama." Akiuliza kwa nini, anajibiwa kuwa ndiyo kanuni. Siku ya mtihani kanuni inamtoka kichwani, na jibu alilopata halimwonyeshi kuwa amekosea, maana x > 3 na x < 3 zote zinaonekana nzuri kwenye karatasi.

Katika somo hili tutafanya kazi kwa maswali matatu tu. Kila hesabu ya kutolingana, iwe rahisi au ngumu, inauliza hivi:

1. Mpaka uko wapi?
2. Mpaka wenyewe umo au haumo?
3. Majibu yako upande gani wa mpaka?

Mwanafunzi akizoea kujiuliza haya matatu, kanuni atazijenga mwenyewe.

Alama nne na maneno yake

Tuanze na kusoma. Alama > husomwa "ni kubwa kuliko", na < husomwa "ni ndogo kuliko". Mdomo ulio wazi huelekea kwenye namba kubwa, na ncha huelekea kwenye ndogo. Kwa hiyo 7 > 4 na 4 < 7 ni habari moja iliyosemwa kutoka pande mbili. Mwanafunzi alishike hili mapema, kwa sababu tutalihitaji baadaye. Ukiongeza mstari chini ya alama, unaongeza maneno "au sawa na": ≥ ni "kubwa kuliko au sawa na", na ≤ ni "ndogo kuliko au sawa na".

Alama hizi si za kale sana. Alama ya = ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1557 katika kitabu cha Robert Recorde. Alama za < na > zilitokea katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapishwa mwaka 1631, miaka kumi baada ya kifo chake. Zile zinazobeba "au sawa na" zilitumiwa na Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1734. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiandika kwa maneno matupu, na hata leo ugumu wa kwanza wa mwanafunzi uko kwenye maneno. Tazama haya:

"Angalau 18", "kuanzia 18", "si chini ya 18": zote ni x ≥ 18. Namba 18 yenyewe imo.

"Zaidi ya 18", "imepita 18": ni x > 18. Namba 18 haimo.

"Isiyozidi 14", "si zaidi ya 14": ni x ≤ 14. Namba 14 imo.

"Chini ya 14", "haifiki 14": ni x < 14. Namba 14 haimo.

Kijana wa Uganda anaruhusiwa kupiga kura akiwa na umri wa kuanzia miaka 18. Aliyetimiza 18 leo asubuhi yumo. Kama sheria ingesema "zaidi ya miaka 18", maana ingebadilika. Ndiyo kazi ya ule mstari mdogo chini ya alama: unaamua nani anaingia na nani anabaki nje.

Jibu lenye namba nyingi

Mlinganyo x + 3 = 7 una jibu moja: 4. Lakini ukiandika x + 3 > 7, jibu ni kila namba iliyo kubwa kuliko 4. 5 ni jibu, 100 ni jibu, 4.5 ni jibu, hata 4.001 ni jibu. Mkusanyiko huu wote tunauita seti ya majibu. Mwanafunzi anayeandika "x = 5" kwa sababu amejaribu 5 ikafaa, ameokota punje moja akaliacha gunia.

Faida ya hesabu za aina hii ni kwamba mara nyingi hatuhitaji kujua idadi kamili ili kufikia uamuzi. Taksi zetu huandikwa ubavuni kwamba zimeruhusiwa kubeba abiria 14. Hiyo ni p ≤ 14. Askari wa barabarani akishahesabu vichwa 15, hana haja ya kuendelea, mpaka umeshavunjwa.

Mfano mzito zaidi uko katika Ziwa Victoria letu hili. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka upande wa Tanzania, kikikaribia kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, yaani n ≤ 101. Waliofariki peke yao walizidi 200. Kwa hiyo hata bila orodha ya abiria, tunaweza kuandika n > 200, na kwa kuwa 200 > 101, tunajua kwa yakini kwamba mpaka ule ulikuwa umevukwa kwa mbali. Mwanafunzi anayeuliza "hesabu hizi zitanisaidia nini?" aonyeshwe mfano huu kwa utulivu. Alama ≤ iliyoandikwa ubavuni mwa chombo inalinda roho za watu, ila iwe inasomwa na kufuatwa.

Kuchora kwenye mstari wa namba

Seti yenye majibu yasiyohesabika haiwezi kuandikwa yote, kwa hiyo tunaichora. Chora mstari wa namba, hasi kushoto na chanya kulia, kisha jibu yale maswali matatu kwa mpangilio.

Kwanza, weka kiduara mahali penye mpaka. Pili, kama mpaka umo (≤ au ≥), kijaze kiduara wino. Kama haumo (< au >), kiache wazi. Tatu, koleza mstari kuelekea upande wenye majibu na umalizie kwa mshale, kuonyesha kwamba majibu hayakomi.

Hivi ndivyo x > 4 inavyochorwa:

◄───┼───┼───┼───○━━━┿━━━┿━━━►
    1   2   3   4   5   6

Kiduara kiko wazi kwa sababu 4 si kubwa kuliko 4. Kwa x ≥ 4 tungechora vilevile, ila kiduara kingejazwa.

Jambo moja husahaulika. Mstari uliokolezwa unasema kwamba namba zote zilizo njiani zinakubalika, pamoja na 4.5 na 5 na robo. Kama x ni idadi ya watu au vitabu, hakuna nusu mtu. Hapo tunaweka nukta kwenye namba nzima tu: 5, 6, 7 na kuendelea. Kabla ya kuchora, mwulize mwanafunzi: "Hii x ni kitu cha kupima au cha kuhesabu?" Joto, uzito na umbali ni vya kupima, basi koleza mstari. Watu, mbuzi na viti ni vya kuhesabu, basi weka nukta.

Kutatua: mizani iliyoinama

Mlinganyo hufananishwa na mizani iliyotulia sawasawa. Hesabu ya kutolingana ni mizani iliyoinama upande mmoja. Ukiongeza kilo mbili pande zote mbili, inabaki imeinama vilevile. Ukitoa kilo mbili pande zote mbili, haibadiliki. Ukizidisha mizigo yote mara tatu, au ukiigawanya kwa tatu, upande mzito unabaki kuwa mzito. Kwa hiyo kujumlisha, kutoa, na kuzidisha au kugawanya kwa namba chanya hakugusi alama.

Tuchukue mfano wa kamati ya safari. Tuseme ina shilingi 400,000. Kukodi gari ni shilingi 150,000, na chakula ni shilingi 8,000 kwa kila mtu. Wanaweza kwenda watu wangapi?

Idadi ya watu tuiite n. Gharama yote isizidi pesa iliyopo:

150,000 + 8,000n ≤ 400,000

Toa 150,000 pande zote mbili:

8,000n ≤ 250,000

Gawanya kwa 8,000 pande zote mbili:

n ≤ 31.25

Hapa wanafunzi hugawanyika. Wapo wanaoandika 31.25 na kufunga daftari, na wapo wanaokumbuka kukadiria na kusema 31. Jibu la 31 ni sahihi, lakini ukadiriaji siyo sababu yake. Hata kama tungepata 31.9, jibu lingekuwa 31, kwa sababu mtu wa 32 angeipitisha bajeti. Hakiki: watu 31 wanagharimu 150,000 + 248,000 = 398,000, na pesa inatosha. Watu 32 wanagharimu 406,000, na kamati itaanza kukopa njiani. Kwenye mchoro tutaweka nukta kuanzia 0 hadi 31, kwa sababu watu huhesabiwa na hakuna idadi ya watu iliyo hasi.

Kwa nini alama hugeuka

Sasa tufike penye tatizo. Anza na namba mbili tu: 2 < 5. Zidisha zote kwa −1. Unapata −2 na −5. Ipi kubwa? Tazama mstari wa namba: −2 iko kulia kwa −5, kwa hiyo −2 > −5. Alama imegeuka, na hatukuigeuza kwa amri ya mtu. Kuzidisha kwa −1 ni kama kuukunja mstari pale kwenye sifuri, wa kulia akaenda kushoto na wa kushoto akaja kulia. Aliyekuwa mbali zaidi upande wa kulia sasa yuko mbali zaidi upande wa kushoto.

Kama mwanafunzi bado anasita, mpe mfano wa deni. Mwenye shilingi 5,000 mfukoni ana zaidi ya mwenye 2,000. Lakini anayedaiwa 5,000 yuko chini ya anayedaiwa 2,000. Pesa ikigeuka kuwa deni, nafasi zao zinabadilishana.

Sasa tatua hii: 10 − 2x > 4.

Toa 10 pande zote mbili:

−2x > −6

Gawanya kwa −2 na ugeuze alama:

x < 3

Ipo njia nyingine ya kuitatua, na hii ndiyo ningependa kila anayefundisha aichukue. Rudi mwanzo:

10 − 2x > 4

Upande wa kushoto umepungukiwa 2x. Urudishie kwa kujumlisha 2x pande zote mbili:

10 > 4 + 2x

Toa 4 pande zote mbili:

6 > 2x

Gawanya kwa 2, ambayo ni chanya:

3 > x

Hakuna mahali tulipogeuza alama. Lakini soma jibu kutoka upande wa pili: "3 ni kubwa kuliko x" ni sawa na "x ni ndogo kuliko 3", yaani x < 3. Ni jibu lilelile. Kanuni ya kugeuza alama imejithibitisha yenyewe, na mwanafunzi aliyeisahau ana njia ya kufika salama bila kuihitaji.

Kitendo hicho cha kurudishia upande uliopungukiwa ndicho kilichoipa aljebra jina lake. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika Baghdad, katika zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), kitabu cha hesabu za al-jabr na al-muqabala. Al-jabr maana yake ni kurudishia au kuunga kilichovunjika: kiasi kilichotolewa upande mmoja kinajumlishwa pande zote mbili ili kiondoke. Yeye alishughulika na milinganyo, na aliandika kwa maneno bila alama yoyote kati ya hizi tunazotumia. Lakini hatua yake inafanya kazi kwenye mizani iliyoinama kama inavyofanya kwenye iliyotulia.

Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mirathi na wasia, na humo tunakuta mpaka tunaoufahamu sote. Wasia kwa wasiokuwa warithi hauzidi theluthi ya mali inayobaki baada ya madeni, isipokuwa warithi waridhie. Kama mali hiyo ni shilingi 12,000,000 na wasia ni w, basi w ≤ 4,000,000. Theluthi kamili inaruhusiwa, kwa hiyo kiduara kinajazwa. Mtu akiandika < badala ya ≤ amemnyima mwusia haki yake. Akigeuza ikawa ≥, amewanyima warithi.

Angalizo kwa wanaofundisha: usizidishe wala kugawanya pande zote mbili kwa herufi ambayo hujui kama ni chanya au hasi. Kama x haijulikani, hujui alama igeuke au ibaki. Na ukizidisha kwa sifuri, pande zote mbili zinakuwa sifuri na habari yote inapotea.

Mipaka miwili

Mara nyingine jibu limebanwa pande zote. Chanjo nyingi hutunzwa kwenye jokofu lenye joto la nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Tunaandika 2 ≤ t ≤ 8. Maana yake ni mambo mawili kwa pamoja: t ≥ 2 na t ≤ 8. Mchoro wake ni viduara viwili vilivyojazwa na mstari uliokolezwa katikati, bila mshale, kwa sababu majibu yanakoma kila upande.

Na joto lisilofaa je? Ni t < 2 au t > 8. Hapa hatuwezi kuunganisha tukaandika 8 < t < 2, kwa sababu hiyo ingesema 8 ni ndogo kuliko 2. Neno "na" linabana katikati, neno "au" linatawanya pande mbili.

Mfano wa kuhesabu tunao katika zaka ya mbuzi na kondoo. Masharti mengine yakitimia, mwenye wanyama 40 hadi 120 hutoa mmoja, na mwenye 121 hadi 200 hutoa wawili. Kwa alama: 40 ≤ n ≤ 120, kisha 121 ≤ n ≤ 200. Angalia mpaka. Mwenye 39 hayumo, mwenye 40 yumo. Na kati ya 120 na 121 hakuna pengo la kutuhangaisha, kwa kuwa hakuna mbuzi 120 na nusu. Kama tungekuwa tunapima uzito, lingebaki swali la 120.5 iko wapi. Ndiyo maana tulisema kuuliza kwanza: ni cha kupima au cha kuhesabu?

Sasa tutatue yenye mipaka miwili:

−3 < 2x + 1 ≤ 9

Toa 1 sehemu zote tatu:

−4 < 2x ≤ 8

Gawanya kwa 2 sehemu zote tatu:

−2 < x ≤ 4

◄───┼───○━━━┿━━━┿━━━┿━━━┿━━━┿━━━●───┼───►
   −3  −2  −1   0   1   2   3   4   5

Kiduara cha −2 kiko wazi na cha 4 kimejazwa. Mtihani ukiuliza namba kamili zilizomo, ni −1, 0, 1, 2, 3 na 4. Ziko sita. Wanaosahau kuwa mpaka wa kushoto haumo huandika saba na kupoteza alama hapohapo.

Kuhakiki kwa majaribio matatu

Kwenye mlinganyo tunahakiki kwa kurudisha jibu moja. Hapa tujaribu namba tatu: ya mpakani, ya ndani na ya nje. Turudi kwenye 10 − 2x > 4, ambayo jibu lake ni x < 3.

Mpakani, x = 3: 10 − 6 = 4. Pande zote zinalingana, kwa hiyo mpaka uko mahali pake. Na kwa kuwa 4 > 4 si kweli, kiduara kinabaki wazi.

Ndani, x = 0: 10 − 0 = 10, na 10 > 4 ni kweli. Upande ni sahihi.

Nje, x = 5: 10 − 10 = 0, na 0 > 4 si kweli. Upande huo tumeukataa kwa haki.

Majaribio haya hayachukui hata dakika moja, na kila moja linajibu mojawapo ya yale maswali matatu. Aliyesahau kugeuza alama atagundua papo hapo, kabla msahihishaji hajagundua.

Zikiwa herufi mbili

Katika madarasa ya mbele mwanafunzi hukutana na sentensi kama x + y ≤ 6. Mstari wa namba hautoshi tena. Tunahitaji grafu yenye mihimili miwili. Lakini maswali ni yaleyale.

Mpaka uko wapi? Ni mstari x + y = 6, unaopita kwenye (6, 0) na (0, 6). Mpaka umo au haumo? Hapa umo, kwa hiyo tunachora mstari mzima; kama alama ingekuwa <, tungechora mstari wa vipande vipande. Upande gani? Jaribu nukta rahisi isiyo kwenye mstari, kwa mfano (0, 0): 0 + 0 ≤ 6 ni kweli, basi upande wenye (0, 0) ndio wenye majibu.

Tahadhari moja kwa shule zetu za Afrika Mashariki: mara nyingi tunaagizwa kutia kivuli eneo lisilotakiwa, ili eneo la majibu libaki jeupe. Vitabu vingi vya nje hufanya kinyume, vikatia kivuli majibu yenyewe. Njia zote mbili ni sahihi, lakini mtihani unataka moja. Soma swali mara mbili, kisha andika kwa maneno kwenye grafu ni eneo lipi lenye majibu.

Mazoezi

Mpe mdogo wako haya, na usimwonyeshe majibu hadi achore yote.

1. Tatua na uchore: x − 4 ≥ 3.
2. Tatua na uchore: 5x + 2 < 17.
3. Tatua kwa njia mbili, ya kugeuza alama na ya kurudishia: 7 − 3x ≤ 19.
4. Tatua: 4x − 3 > 6x + 5.
5. Tatua, uchore, na utaje namba kamili zilizomo: −5 ≤ 2x − 1 < 7.
6. Mwanafunzi ana shilingi 20,000. Fotokopi ni shilingi 150 kwa ukurasa, na lazima abakiwe na angalau shilingi 5,000 za nauli. Anaweza kutoa kurasa ngapi?

Majibu

1. x ≥ 7. Kiduara kimejazwa kwenye 7, mshale kulia.
2. x < 3. Kiduara kiko wazi kwenye 3, mshale kushoto.
3. Kwa kugeuza: −3x ≤ 12, basi x ≥ −4. Kwa kurudishia: 7 ≤ 19 + 3x, kisha −12 ≤ 3x, basi −4 ≤ x. Ni jibu moja.
4. Toa 4x pande zote mbili: −3 > 2x + 5. Toa 5: −8 > 2x. Basi −4 > x, yaani x < −4.
5. −4 ≤ 2x < 8, basi −2 ≤ x < 4. Namba kamili ni −2, −1, 0, 1, 2 na 3.
6. 20,000 − 150p ≥ 5,000. Rudishia 150p: 20,000 ≥ 5,000 + 150p. Kisha 15,000 ≥ 150p, basi p ≤ 100. Anaweza kutoa kurasa 100 kamili, naye atabakiwa na shilingi 5,000 zake za nauli. Kwenye mchoro ni nukta, kwa kuwa kurasa huhesabiwa.

Mdogo wako akikosa swali la tatu au la nne, usimrudishie kanuni. Mwambie ajaribu namba moja ya ndani na moja ya nje, kisha akueleze mwenyewe alama ilipaswa kuelekea wapi.